Mtu wa Saba kwenye Kona ya Ashlock

Marlys Oltmann aliweza kuvumilia mengi. Aliwahi kuendesha pikapu maili arobaini kwenye tufani ya theluji kumpelekea mtu dawa, aliwahi kupika chakula cha msiba cha watu mia mbili huku ana homa, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa katibu wa chama katika kata yetu bila kulipwa hata senti moja. Kilichomshinda ni kitu kimoja tu, kuchekwa. Ukimcheka Marlys leo, wiki nzima hana raha. Na mwaka ule wa uchaguzi alichekwa kuanzia Oktoba mpaka Januari, mfululizo.

Agosti hakuna aliyemcheka. Agosti Gavana Constance Ashlock, mgombea urais, aliingia jikoni kwa Marlys, akala vipande viwili vya pai ya cheri, kisha akasimama kwenye sinki akaosha sahani yake mwenyewe. Wakati huo watafiti wa maoni walimpa asilimia ishirini na nne, wa kwanza katika wagombea tisa. Picha yake na Marlys ilitoka katika gazeti la kaunti, na Marlys aliikata akaibandika kwenye friji. Sisi watu wa Iowa tunachuja wagombea kabla ya majimbo mengine yote, kwa hiyo tumezoea kutembelewa na wakubwa, lakini kutembelewa na anayeongoza ni habari nyingine. Marlys akaombwa awe kapteni wa Ashlock katika kata yetu, akakubali swali halijaisha. Kichwa kilimvimba kidogo, na kwa kweli nani asingevimba.

Kazi ya kapteni ni kutafuta watu watakaosimama kwenye kona ya mgombea wake siku ya mkutano wa mchujo. Wa kwanza kumwendea alikuwa Verlan Goemaat, mfugaji mstaafu wa nguruwe, mwenye miaka sabini na sita na nyonga mbovu. Mkewe, Twila, alikuwa shoga wa Marlys kwa miaka arobaini. Tangu Twila afariki, Verlan alikuwa haendi popote isipokuwa Alhamisi, siku ambayo Marlys alimpitia na pikapu akampeleka kwenye chakula cha jioni cha kanisa. Hapo napo alikula, akashukuru, akaomba arudishwe nyumbani.

"Twila ndiye alikuwa anakwenda kwenye hiyo mikutano," alimwambia Marlys barazani kwake. "Mimi nabaki na nguruwe, akirudi ananisimulia."

"Nguruwe umeshauza, Verlan. Tafuta kisingizio kingine."

"Sipendi kusimamishwa mbele za watu, Marlys. Watu wananikodolea macho kama nauzwa mnadani."

"Husimami peke yako. Unasimama na mimi. Sitoki kwenye ile kona mpaka wewe utoke."

Verlan alimgeukia. "Unaniahidi?"

"Nakuahidi. Haki ya Twila."

Hapo alizidisha. Kumtaja marehemu hakukuwa na haja, kwa sababu yule mzee alikuwa ameshakubali moyoni. Lakini alikwishamtaja, na siku ileile bango la Ashlock lilichomekwa kwenye uwanja wa Verlan, karibu na sanduku la barua.

Kisha ikaja Oktoba na mdahalo wa televisheni. Gavana Ashlock aliulizwa atawafanyia nini wakulima wa Iowa, naye akajibu vizuri sana, kwa takwimu na kwa huruma, kuhusu ngano. Ngano! Kwetu tunalima mahindi na soya. Ukitaka kuona ngano, panda gari uende Kansas. Nchi nzima haikugundua kitu. Iowa nzima iligundua. Baada ya wiki mbili alikuwa na asilimia kumi na saba, mwezi uliofuata kumi na moja, na Krismasi ilipopita alikuwa na sita. Seneta Drew Tolliver, ambaye Agosti hakuna aliyemjua, alikuwa na thelathini na moja.

Kila asubuhi Marlys alikuwa akinywa kahawa kwenye meza ndefu ya kituo cha mafuta, pamoja na wale wote ambao hawana haraka. Alianza kuichukia ile meza.

"Habari ya ngano, Marlys?" mmoja alikuwa akimwuliza huku anavua kofia.

"Mwacheni, anasubiri mavuno," mwingine alikuwa akijibu.

Aliyemtesa kuliko wote hakumtania kabisa. Huyo ni Jolene Brandsgard, mwalimu wa kwaya, kapteni wa Tolliver, mwanamke mwenye sauti laini na tabasamu lisiloisha. Jolene alimhurumia. "Shoga yangu, usijali," alikuwa akisema huku amemshika mkono mbele ya watu. "Kona yetu ina nafasi. Tena iko karibu na kipasha joto." Marlys alikuwa akicheka kwa meno tu, analipa kahawa yake na kuondoka.

Siku kumi kabla ya mkutano, simu ililia jikoni. Mtafiti wa maoni alitaka kujua Bibi Oltmann atamuunga mkono nani. Marlys alikuwa amesimama mbele ya friji, amekodoleana macho na picha ya Agosti, na beji ya Ashlock iko kifuani. Akajibu: "Bado sijaamua." Alipokata simu masikio yalikuwa yanawaka moto. Hakuna aliyemlazimisha kusema vile, na hakuna ambaye angejua. Keshoye alipokwenda dukani aliivua beji akaitia mfukoni, akajiambia kwamba pini yake inatoboa sweta.

Mkutano wetu wa mchujo si wa kura ya siri. Unafika Jumatatu saa moja jioni, unaandikisha jina, halafu unakwenda kusimama kwenye kona ya mgombea wako, mbele ya jirani yako, daktari wako wa meno na mtu anayenunua mahindi yako. Kona isiyofikisha asilimia kumi na tano ya waliomo inavunjwa, na watu wake wanatafuta kona nyingine. Kwa hiyo kila mtu anaona umeanza na nani, na anaona pia umemkimbia nani. Wageni wanashangaa tunavumiliaje. Tumezoea, lakini haituzuii kuona haya.

Jioni ile Marlys alimpitia Verlan saa kumi na mbili na nusu. Mzee alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe la kanisani na juu yake lile koti lake la turubai la shambani, lenye kiraka kwenye kiwiko alichoshona Twila. Alipanda pikapu kwa shida, fimbo mkononi.

"Nimefanya mazoezi ya kusimama," alisema. "Dakika arobaini, nimeegemea kabati. Inawezekana."

"Kutakuwa na viti, Verlan."

"Nimeambiwa ni kusimama. Nitasimama."

Ndani ya ukumbi wa michezo wa shule kulikuwa na watu arobaini na sita. Mwenyekiti, Orrin Teske, anayeuza vipuri vya trekta na kupenda sana kipaza sauti, alitangaza hesabu: arobaini na sita, asilimia kumi na tano ni watu saba. "Saba, jamani! Sita na nusu simjui!" Watu wakacheka, wakaenda kwenye kona zao. Tolliver alipata ishirini na watatu, wamejaa karibu na kipasha joto, na meza ya Jolene ilikuwa na keki za aina tatu. Meya mmoja aitwaye Quade alipata kumi na wawili. Sita hawakuwa wameamua, wakabaki katikati. Na chini ya bendera kuukuu ya ubingwa wa mpira wa kikapu, kando ya mlango wa chuma wa msalani, walisimama watu watano wa Ashlock: Marlys, Verlan, mke na mume walimu waliohamia majuzi kutoka Ohio, na mkutubi mstaafu asiyesikia vizuri.

"Watano!" sauti ilitoka upande wa Tolliver. "Mkate wenyewe hautoshi!"

Vicheko vilijaa ukumbi. Marlys aliona uso unamchoma. Verlan, ambaye hakujua habari ya ngano kwa sababu hakuwa na meza ya kahawa, alicheka nao kwa adabu, kisha akamnong'oneza, "Mkate gani?"

"Achana nao," alisema Marlys.

Orrin akatoa nusu saa ya kushawishiana. Huu ndio wakati watu wa kwetu wanaoupenda: kila mtu anamvuta mwenzake, kahawa mkononi. Dakika kumi hazijapita, Verlan akajongea karibu na Marlys, ameona haya.

"Marlys, inabidi niende humo," akaonyesha mlango wa chuma kwa kidevu. "Na unajua mimi huchukua muda. Nyonga hii, na vifungo."

"Nenda tu."

"Wakianza kuhesabu, niite."

"Nenda, Verlan. Lete koti, nikushikie."

Akamvua koti kama alivyozoea kumvua Alhamisi kanisani, akalitundika mkononi mwake. Alimsindikiza mpaka mlangoni, akausukuma kwa bega maana ni mzito, akamwona anaingia polepole. Kisha akarudi hatua tatu kwenye nafasi yake.

Mlango haujatulia, wakaja Glenna Huisman na mumewe kutoka kwa wale wasioamua. Glenna alisema amemsikiliza Tolliver mara mbili na mara zote mbili alilala. "Huyu wako angalau aliosha sahani," alisema. "Tuandike hapa."

Watano na wawili ni saba. Kona ya Ashlock ilikuwa imepona.

Hapa ndipo Marlys anapopataja mpaka leo akijilaumu. Kitu cha kwanza alichohisi si furaha, ni uchovu. Saba maana yake kona inabaki, na yeye atabaki ndani yake usiku mzima kando ya choo, na gazeti litaandika kapteni wa Ashlock, Marlys Oltmann, na meza ya kahawa itakuwa na la kusema mpaka masika. Mgombea mwenyewe amekwisha, kila takwimu inasema hivyo. Alikuwa anashikilia nini?

Na Jolene, mwenye pua kali kuliko mbwa wa kuwinda, akatokea palepale na kipande cha keki kwenye karatasi.

"Kula, shoga. Umekonda." Akashusha sauti. "Sikia. Sisi tutapeleka wajumbe watatu kwenye mkutano wa kaunti, labda wanne. Kona yako ikivunjika, njoo kwangu, jina lako naliandika la kwanza. Miaka kumi na tisa ya kazi, halafu umalizie kwenye mlango wa msalani? Hapana. Haikufai."

"Bado hatujavunjika," alisema Marlys.

"Najua. Nasema tu, ikitokea." Akaangalia kona, midomo ikihesabu. "Sita, sivyo?"

Marlys akatafuna keki.

Mwalimu wa Ohio, kijana wa watu, akamgeukia. "Yule babu mwenye fimbo yuko wapi?"

"Nyonga inamsumbua," alijibu Marlys.

Hakusema uongo. Nyonga ilikuwa inamsumbua Verlan tangu mwaka jana. Mwalimu aliitikia kwa kichwa kwa huruma, akaelewa kwamba mzee amerudi nyumbani, na Marlys akamwacha aelewe hivyo. Mkutubi hakusikia swali wala jibu.

"Muda umekwisha!" Orrin alinguruma kwenye kipaza sauti. "Naanza na kona ndogo. Ashlock, jihesabuni!"

Desturi ni kwamba kila mtu anataja namba yake mwenyewe kwa sauti, na kapteni anamalizia. Ilipaswa Marlys ainue mkono aseme, mwenyekiti, subiri, tuna mtu msalani. Maneno kumi hayafiki. Orrin angesubiri, angetania kuhusu mabomba, na mambo yangeisha. Marlys aliufikiria huo utani. Aliusikia kabisa kichwani, ukumbi mzima unaangua kicheko, kona ya Ashlock imeokolewa na choo. Mkono wake ukabaki chini ya koti.

"Moja," alisema mwalimu.

"Mbili," alisema mkewe.

"Tatu," alisema mkutubi, baada ya kuguswa bega.

"Nne." "Tano." Hao ni Glenna na mumewe.

"Sita," alisema Marlys.

Ikawa kimya kidogo, kimya cha kusubiri. Na ndani ya kimya kile, kutoka nyuma ya chuma, sauti nzito ya mzee ikaita:

"Saba!"

Aliisikia. Asije mtu akamsaidia kwa kusema labda hakuisikia. Ilikuwa ndogo, imefifia kwa unene wa mlango, na upande wa pili wa ukumbi watu wa Tolliver walikuwa wameshaanza kupiga makofi, lakini Marlys alikuwa karibu na mlango kuliko wenzake wote, hatua tatu tu, na aliisikia waziwazi. Akaangalia viatu vyake.

"Sita?" aliuliza Orrin.

"Sita," alisema Marlys.

"Poleni, Ashlock. Kona imevunjwa. Mna dakika tano za kutafuta jamaa wapya!"

Kelele zikalipuka. Jolene alikuwa amefungua mikono kabla Marlys hajavuka nusu ya ukumbi. Walimu wa Ohio walimfuata kwa sababu hawakujua pa kwenda, mkutubi akafuata walimu, na Glenna Huisman na mumewe wakaenda kwa Quade wakinung'unika. Watu wa Tolliver walimpigia Marlys makofi. Mtu akampa kahawa. Mwingine, yuleyule wa mavuno, alimwambia, "Karibu nyumbani, mama," na hakuwa anamdhihaki. Kwa muda mfupi sana Marlys aliona raha. Nalisema hili kwa sababu yeye mwenyewe hulisema. Kulikuwa na joto pale, na hakuna aliyemcheka.

Kisha mlango wa chuma ukafunguka.

Verlan alitoka amejipanga, shati limeingizwa suruali, nywele zimelowa kidogo kwa kuchanwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona yake, akajinyoosha chini ya bendera, mikono miwili juu ya fimbo. Alitazama kulia na kushoto akitabasamu. Alidhani wenzake wameenda kuchukua keki. Alisimama hivyo labda dakika nzima, na ukumbi ukaanza kunyamaza kipande kwa kipande, mpaka ukanyamaza wote.

Orrin akaweka kipaza sauti chini. "Verlan. Umetoka wapi?"

"Msalani."

"Tumeshahesabu, ndugu yangu." Orrin aliangalia karatasi yake, akaangalia tena. "Marlys. Verlan ni mtu wako? Alikuwemo?"

Watu arobaini na watano walimgeukia. Kulikuwa bado na nafasi. Dakika tano hazijaisha, karatasi haijasainiwa; neno moja la kweli na Orrin angewarudisha wote wahesabiwe upya.

"Nilidhani ameondoka," alisema Marlys.

Alipomaliza kusema ndipo alipoona Jolene anaangalia mkono wake. Akaangalia na yeye. Koti la turubai la Verlan lilikuwa limelala pale pale alipolitundika, kiraka cha Twila kikiwa juu. Nje ilikuwa nyuzi kumi chini ya sifuri. Hakuna mzee anayeondoka katika baridi ile bila koti. Marlys alitamani ardhi ipasuke immeze na koti lenyewe, na ardhi ya ukumbi wa michezo, kama kawaida yake, ilibaki nzima.

Verlan naye alikuwa ameliona. Tabasamu lilimtoka polepole. Alifungua mdomo, na Marlys alisubiri aseme: nilisema saba, nilipiga kelele. Ukumbi wote ungejua.

"Ni kweli," alisema Verlan. "Nilichelewa. Endeleeni tu, Orrin."

"Unaweza kwenda kona yoyote, Verlan. Tolliver, Quade, utakako."

"Nitabaki hapa."

"Hapo huhesabiwi, ndugu yangu."

"Najua. Niliambiwa ni kusimama."

Akasimama. Zilipita dakika ishirini na mbili za kuhesabu na kuhesabu upya, za kuchagua wajumbe, za Jolene kusoma majina na la Marlys likiwa la kwanza. Mtu alimpelekea Verlan kiti, akashukuru, hakukikalia. Marlys hakuweza kumtazama na hakuweza kutazama pengine. Jina lake liliposomwa watu walipiga makofi machache, ya adabu, na Jolene kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na tabasamu.

Mkutano ulipokwisha Verlan alivuka ukumbi mzima na fimbo yake. Watu walimpisha. Alifika mbele ya Marlys akanyoosha mkono.

"Naomba koti langu," alisema.

Alimpa. Alijaribu kumvisha, kama Alhamisi zote, naye akarudi nyuma nusu hatua akalivaa mwenyewe, mkono mmoja, kisha mwingine, kwa shida. Marlys alisimama mikono mitupu akitazama.

Lakini walikuja kwa pikapu moja, na kwa Verlan ni maili saba. Basi wakaondoka pamoja. Marlys aliwasha redio kwa sababu hakuweza kustahimili mlio wa vipangusa vioo. Mtangazaji alikuwa amechangamka. Matokeo ya mwanzo, alisema, yamewashangaza wataalamu: katika kata za mashambani Gavana Ashlock anafanya vizuri kuliko ilivyotabiriwa, yuko wa tatu, anamkaribia wa pili, na huenda akaendelea mpaka New Hampshire, jimbo linalofuata kuchuja. Kata baada ya kata, watu waliokuwa wakiwaambia watafiti kwamba bado hawajaamua walikuwa wameingia ukumbini wakaamua.

Marlys akaizima.

Alisimamisha gari kwenye uwanja wa Verlan, taa zikimulika bango karibu na sanduku la barua. Theluji ilikuwa imelifunika nusu. Verlan hakushuka. Alikaa na fimbo katikati ya magoti, akitazama mbele.

"Nilisikia mnahesabu," alisema. "Nikajiambia, Verlan, hutawahi. Basi nikaita. Nilijiona mjinga, mtu mzima napiga kelele chooni." Akazungusha fimbo yake. "Lakini ule mlango ni mzito. Huenda hukusikia."

Alikuwa amempa njia. Aliifungua mwenyewe, akamshikia, kama mtu anavyomshikia mwenzake mlango. Ilibaki kupita tu: aseme hakusikia, mzee aitikie, Alhamisi ampitie kama kawaida, na wasizungumze tena jambo hili mpaka mmoja wao afe. Marlys alilitamani hilo kuliko alivyowahi kutamani kitu.

"Nilikusikia," alisema.

Verlan akatikisa kichwa polepole, mara mbili tatu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Haki ya Twila, ulisema."

"Nilisema."

"Mimi nisingekuja, Marlys. Nilikuwa sawa tu nyumbani kwangu." Akafungua mlango, baridi ikaingia. Alishusha mguu mmoja, akatafuta ardhi kwa fimbo, akashusha mwingine. Akiwa tayari chini alisema, bila kugeuka, "Alhamisi usinipitie. Nitakula nyumbani."

"Verlan, naomba unisamehe."

"Sijui," alisema Verlan. "Asante kwa kunirudisha."

Akafunga mlango. Marlys alimfuata kwa taa za gari mpaka kwenye sanduku la barua, na hapo mzee akasimama. Aliinama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akapangusa theluji kwenye bango kwa kiwiko cha koti, kile chenye kiraka, mpaka jina likasomeka lote. Kisha akaenda zake ndani, na taa ya jikoni ikawaka.

Marlys hakuondoka. Injini ilinguruma, mikono yake iko kwenye usukani, beji ya Ashlock bado iko mfukoni. Akajikuta anasema "Saba," kwa sauti, kama inavyotakiwa kusemwa. Hakukuwa na mtu wa kuhesabu.